Damu ya Margaret Pole
Ukatili wa Henry VIII husimuliwa kwa wake zake, nami naona kisa cha Margaret Pole kinatisha zaidi. Bibi huyu wa miaka 67 alikuwa mlezi wa Mary, binti wa mfalme mwenyewe. Hakupandishwa kizimbani, Bunge lilimtia hatiani kwa kupitisha sheria tu. Mwanawe, Kardinali Reginald Pole, alikuwa Italia akimpinga mfalme kwa kalamu. Mtoto hakushikika, akashikwa mama. Asubuhi ya 27 Mei 1541, katika ngome ya Tower of London, aliinamishwa kwenye gogo. Balozi wa Kaisari Charles V aliripoti kuwa mkata vichwa mzoefu hakuwepo, na kijana asiyeijua kazi akamkatakata kichwa na mabega. Tena msiba haukuwa mgeni kwake: baba yake aliuawa mwaka 1478 kwa amri ya Edward IV, ndugu wa tumbo moja wa baba huyo, mdogo wa Margaret akakatwa kichwa mwaka 1499 chini ya Henry VII, mwanawe mkubwa akauawa na Henry VIII huyuhuyu. Wote hao walikuwa na damu ya kifalme, na kwa watawala hao damu hiyo ilitosha kuwa kosa.