Mitandao imefika Isiolo, lakini nani atawafunza wananchi kuitumia?

KWA miongo mingi, msafiri aliyetoka Moyale au Marsabit kuelekea Nairobi alifahamu kwamba ni sharti asimame Isiolo. Mjini humo palikuwa na kizuizi cha polisi, na aliyekivuka kwenda kusini alisema, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu, kwamba anaenda Kenya.

Usemi huo ulikuwa na historia yake. Hali ya hatari iliyotangazwa katika eneo la kaskazini mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Aidha, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyoonekana kuwa na rutuba na mvua ya kutosha, ilhali nchi ya wafugaji iliachwa isubiri zamu yake.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo. Barabara ya lami sasa inafika Moyale, uwanja wa ndege wa Isiolo ulifunguliwa rasmi 2017, na milingoti ya simu imechipuka pale ambapo zamani habari zilibebwa na madereva wa malori ya mifugo.

Hata hivyo, kizuizi kingine kimezuka, na hiki hakina polisi wala gogo lililolazwa barabarani. Ni skrini ya tarakilishi, ambayo mwananchi hana budi kuipitia ili apate haki yake, iwe anajua kuitumia au hajui.

Jukwaa la eCitizen lilianza 2014. Mnamo Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa humo. Mtahiniwa aliyemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kikuu mtandaoni, na mkopo wa kulipia masomo hayo huombwa mtandaoni vilevile. Tangu Oktoba 1, 2024, Bima ya Kitaifa ya Hospitali ilipotoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, hata mgonjwa ametakiwa kwanza awe amesajiliwa katika mfumo wa kidijitali.

Kosa dogo humgharimu mtu. Mathalan, kijana aliyepewa nambari ya ushuru ili aombe kazi anatakiwa kuwasilisha taarifa kwa Mamlaka ya Ushuru kabla ya Juni 30 kila mwaka, hata kama hajapata senti moja. Asipofanya hivyo hutozwa faini ya Sh2,000. Wengi hulijua sharti hilo siku wanapodaiwa.

Sensa ya 2019 iliyaweka mambo haya wazi kwa takwimu. Ni asilimia 22.6 pekee ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 waliokuwa wakitumia tarakilishi. Katika maeneo ya mashambani, watumiaji wa intaneti walikuwa asilimia 13.7. Simu za kisasa zimeongezeka tangu hapo, lakini kuwa na simu ni jambo moja, na kujua kujaza fomu ya serikali kwa simu hiyo ni jambo jingine.

Aliyeshika kipanya

Mkazi wa Isiolo anapokwama, njia iliyo karibu zaidi ni saiba. Huko hukaa kwenye benchi, hutaja jina lake, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, na kijana wa saiba hujaza fomu kwa niaba yake. Nywila pia huundwa na kijana huyo, na mara nyingi ndiye anayeikumbuka. Mwananchi hulipa, huondoka na karatasi mkononi, na mwaka unaofuata hurudi akiwa hajui zaidi ya alivyojua.

Sisemi haya kuwalaumu wenye saiba. Wengi wao ni watu waaminifu wanaofanya kazi ambayo serikali haikumpa mtu mwingine aifanye. Lakini Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mnamo Novemba 2019, na sheria hiyo ina thamani gani kwa mama ambaye siri zake zote za afya, ushuru na kitambulisho zimo katika daftari la mtu asiyemfahamu?

Njia ya pili ni klabu ya tarakilishi, ile ya watu wachache wanaokutana shuleni, kanisani, msikitini au katika chumba cha kukodi ili kusaidiana. Klabu ya namna hii haihitaji mengi ili ianze. Inahitaji mashine chache hata zikiwa kuukuu, umeme, na mtu mmoja anayejua kidogo kuliko wenzake na asiyeona uchoyo wa alichonacho.

Tofauti ya klabu na saiba ni moja nayo ni kubwa. Katika saiba kipanya hushikwa na anayejua. Katika klabu kipanya hushikwa na asiyejua, naye anayejua huketi kando akimwelekeza. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini mwanachama aliyefunzwa leo kufungua akaunti yake ndiye atakayemfunza jirani yake kesho.

Hali kadhalika, klabu hujifunza mambo ambayo hayamo katika vitabu vya kozi. Katika mji wa joto na vumbi, kipepeo cha ndani ya tarakilishi huziba na mashine hujizima. Anayejua kuifungua na kuisafisha kwa brashi huwaokoa wenzake gharama ya fundi. Umeme unapokatika ghafla, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Flashi moja iliyotoka saiba huweza kuambukiza virusi mashine zote za chumba. Haya hufunzwa na aliyeyapitia.

Sisi tulioingia katika vyumba vya habari miaka ya 1990 tunalifahamu hili. Tulipoachana na taipureta, somo la kweli tulilipata kwa mwenzetu wa meza ya pili, aliyetuonyesha kwa mara ya tano, bila kutucheka, jinsi ya kuokoa habari iliyopotea dakika chache kabla ya gazeti kwenda mitamboni.

Si jambo geni

Wapo watakaodai kwamba klabu ni mchezo wa vijana. Historia inawakosoa. Mnamo Machi 1975, watu wachache walikutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Walionyeshana mitambo waliyojiundia na kugawana michoro yake bila malipo. Miongoni mwao alikuwa Steve Wozniak, ambaye mwaka uliofuata aliwaonyesha wenzake mashine iliyokuwa ya kwanza ya kampuni ya Apple.

Hapa kwetu, M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, wengi wameihesabu kuwa ushindi wa teknolojia. Ilikuwa pia ushindi wa mwenye duka. Katika kila mtaa palikuwa na wakala aliyemwonyesha mteja mahali pa kubonyeza, akamsubiri, na akamtuliza pesa zilipochelewa. Huduma za serikali zilipohamishiwa mtandaoni, hakuna wakala aliyewekwa mtaani. Vituo vya Huduma vimesaidia, lakini mtu wa Merti au Sericho hawezi kusafiri hadi mjini Isiolo kila fomu inapomshinda, katika kaunti yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 25,000 za mraba na wakazi 268,002 kwa mujibu wa sensa ya 2019.

Isiolo yenyewe ina funzo lake. Takriban 2013, wafugaji wa kaunti hiyo waliketi pamoja na wataalamu, wakiwemo wa shirika la IIED la Uingereza, kuchora ramani za malisho. Picha za setilaiti za Google Earth ziliangazwa ukutani. Wazee walionyesha visima, njia za mifugo na malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, na waliokuwa kwenye tarakilishi wakaviingiza katika ramani ya kidijitali.

Hapo hakuna aliyekuwa mwalimu wa wote. Mzee hakujua kibodi, na aliyejua kibodi hakujua ni kisima kipi hukauka kwanza. Bila mmoja wao ramani hiyo isingekuwepo. Huo ndio moyo wa klabu ya tarakilishi: kila mmoja huja na anachokijua.

Fauka ya hayo, Waborana wana desturi ya busa gonofa, ambapo aliyepoteza mifugo kwa ukame au uvamizi huenda mbele ya ukoo wake akasaidiwa mifugo ya kuanzia upya. Anayesaidiwa hadharauliwi, kwa kuwa kila mtoaji anajua kwamba kiangazi kijacho huenda zamu ikawa yake. Jamii yenye desturi kama hiyo haihitaji kufunzwa na mgeni maana ya kusaidiana. Inachokosa ni mashine, umeme na chumba.

Lugha nayo

Kuna kikwazo ambacho wahandisi hawakioni. Fomu nyingi za mtandaoni zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Isiolo ni mji wa Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, na lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Tusidanganywe kwamba lugha yetu haiwezi. Mnamo 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ikiwa hilo liliwezekana zaidi ya miaka 20 iliyopita, serikali haina kisingizio cha kumwacha raia akitafsiriwa maswali na mpita njia. Kwa sasa kazi hiyo hufanywa na rafiki aliyeketi kando, anayesoma Kiingereza, akaeleza kwa Kiswahili, na kwa mzee akaongeza Kiborana au Kiturkana.

Ni kweli pia kwamba klabu haiwezi kutibu kila kidonda. Akaunti ya eCitizen huanza na nambari ya kitambulisho, na kwa miaka mingi wakazi wa kaunti za kaskazini na mipakani walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Rais William Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo akiwa Wajir Februari 2025. Kabla ya hapo, Januari 2020, Mahakama Kuu katika kesi ya Huduma Namba ilikuwa imetahadharisha kwamba wasio na stakabadhi wanaweza kuachwa nje ya mfumo wa kidijitali. Asiye na kitambulisho hana cha kufunzwa mbele ya skrini.

Vilevile, klabu isiyo na maadili huweza kuwa pango la wezi wa nywila. Kwa hivyo ni lazima iwe na masharti machache yanayobandikwa ukutani: mwenye akaunti ndiye anayeandika nywila yake, msaidizi hugeuka anapoiandika, na hakuna nakala ya kitambulisho inayobaki katika mashine ya klabu.

Serikali ifanye nini?

Serikali haijakosa mipango. Mnamo 2013 waliochukua mamlaka waliahidi vipakatalishi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Ugavi wa vifaa ulianza 2016, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa shuleni. Serikali iliyoingia 2022 iliahidi kilomita 100,000 za nyaya za mawasiliano na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Isiolo ina wadi 10, kwa hivyo hesabu yake ni vituo 10.

Kasoro ya mipango hii ni kwamba huhesabu nyaya, vifaa na majengo. Mtu wa kukaa kando ya mwananchi hahesabiwi. Ndiyo sababu kuna shule zilizofungia vifaa vyao kabatini kwa hofu ya wizi au kwa kukosa wa kuvitumia.

Kuna mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kusubiri mkopo wa nje. Mosi, vyumba vya tarakilishi vya shule za umma vifunguliwe kwa wakazi jioni na Jumamosi, chini ya uangalizi wa klabu zilizosajiliwa. Pili, serikali ya kaunti iwalipe posho wanaojitolea kufunza, kama inavyowatambua wahudumu wa afya wa jamii, kwa sababu kijana hawezi kusaidia wengine siku nzima akiwa na njaa. Tatu, kila fomu inayomlazimu raia iwe na nakala ya Kiswahili chepesi.

Nayo mashirika na kampuni zinazobadilisha tarakilishi zao kila baada ya miaka michache ziige mfano wa Computers for Schools Kenya, ambayo tangu 2002 imekuwa ikikarabati mashine zilizotumika na kuzipeleka shuleni.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana wanaosaidiana katika chumba kimoja mjini Isiolo, kwa mashine zilizochoka na umeme wa kubahatisha, wanafanya kazi ya serikali bila mshahara wala shukrani. Wakichoka, mama wa Garba Tulla atasimama tena mbele ya kizuizi, kama babu yake alivyosimama, akisubiri mtu mwingine aamue iwapo atavuka.