Ghala la Hoover halikumwokoa mkulima

RAIS Herbert Hoover wa Marekani hukumbukwa kama mtu aliyekaa akiutazama uchumi ukiporomoka bila kufanya lolote. Kwa upande wa kilimo, lawama hiyo si ya haki. Hoover alifanya mengi, ila mengi yalimrudia mkulima vibaya.

Juni 1929, miezi minne kabla ya soko la hisa la New York kuanguka, alitia saini sheria iliyounda Bodi ya Kilimo yenye mfuko wa dola milioni 500. Bodi ilikopesha vyama vya ushirika, na bei ziliposhuka ikanunua ngano na pamba yenyewe. Kufikia katikati ya mwaka 1931 ilikuwa na zaidi ya busheli milioni 250 za ngano ghalani (busheli moja ni kama kilo 27).

Mfanyabiashara yeyote wa nafaka anajua kilichofuata. Shehena kubwa kiasi hicho haifichiki. Wanunuzi walijua iko siku itafunguliwa, wakawa hawana haraka ya kupandisha bei. Bodi iliwasihi wakulima wapunguze mashamba, wachache wakasikia. Nani angesikia huku anadaiwa na benki? Bodi ikaacha kununua ngano. Agosti 1931 ikaomba majimbo ya pamba yaharibu mstari mmoja katika kila mitatu shambani; magavana wakakataa. Ngano iliyouzwa kwa zaidi kidogo ya dola 1 kwa busheli mwaka 1929 ilifika senti 38 mwaka 1932.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la ushuru. Juni 1930 Hoover alitia saini sheria ya Smoot-Hawley, ingawa wachumi zaidi ya 1,000 walimsihi aikatae. Ilidaiwa kumlinda mkulima. Lakini mkulima wa pamba hakuhitaji kulindwa na bidhaa za nje. Zaidi ya nusu ya pamba ya Marekani iliuzwa nje. Kanada na baadhi ya nchi za Ulaya zikajibu kwa ushuru wao.

Novemba 1932 hata Iowa, jimbo la mahindi alikozaliwa Hoover, lilimpigia kura Franklin Roosevelt. Huyo aliona kosa la ghala, na kuanzia mwaka 1933 serikali yake ikawalipa wakulima wapunguze mazao. Bei zilipanda. Ila hundi zilikwenda kwa wenye mashamba, na huko Kusini wengi waliolima kwa kugawana mavuno waliambiwa hakuna tena ardhi ya kulima.