Nani Aliutunga Huo Wimbo?

Vijana wenzangu, mniwie radhi, leo nimekuja na ugomvi.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Mwandiga. Spika ikapiga wimbo wa Salum Abdallah. Kinyozi akatikisa kichwa kwa raha. Nikamuuliza, kautunga nani huu? Akacheka: "Zilipendwa hizo, kaka!" Basi, hilo ndilo jina la mtunzi.

Neno hili "zilipendwa" limekuwa kaburi la halaiki. Tunawafukia humo watunzi wote wa miaka ya 50 na 60, bila jina, bila mwaka. Salum Abdallah alianzisha bendi Morogoro mwaka 1948, baadaye ikajulikana kama Cuban Marimba. Aliyachukua mapigo ya Cuba yaliyokuja kwenye santuri, akayatia Kiswahili mpaka yakawa yetu. Ajali ya gari ikamuua mwaka 1965. Leo ukitaka kusikia nyimbo zake za 1955 hadi 1965 zimekusanywa pamoja, kuna CD ya kampuni ya Dizim, ya Ujerumani. Mjerumani kaiona thamani. Sisi je?

Msiniambie eti tatizo ni muziki wa Kongo unaovuka ziwa. Sisi wa Kigoma tumekua nao, na mimi nauserebuka. Franco hakumfukuza mtu. Wala msiisingizie redio. Redio hupiga, kisha hunyamaza. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, na tunamjua si kwa santuri zake tu, bali pia kwa sababu Shaaban Robert alikaa chini akaandika wasifu wake. Kalamu ilimfuata mwimbaji.

Kwa hiyo mkosaji ni sisi tunaojiita waandishi. Na mimi ni wa kwanza! Riwaya yangu imefika kurasa 90 za mapenzi ya Dar, mji niliokaa wiki mbili tu. Wakati huohuo wazee waliocheza dansi enzi hizo, hapa na Ujiji, tunawazika kila mwaka. Sijawahi kumkalisha hata mmoja nikamuuliza.

Kesho naanza na babu jirani, daftari mkononi. Na wewe msomaji, kabla hujatuletea shairi jingine la machozi ya mpenzi, hebu nenda kwa mzee wako, umuulize swali moja tu: nani aliutunga huo wimbo?