Teremsheni Hiyo Ndege Ukutani

Wasee, leo nakuja kujisuta mwenyewe kabla sijawasuta nyinyi.

Disemba iliyopita niliposti video ya sekunde arobaini. Ndege ya mjomba, ile ya rimoti, imening'inia sebuleni kwake huku upande wa Litein, kati ya kalenda ya ushirika na picha ya harusi yake. Mabawa mekundu yamefifia, vumbi juu, uzi wa buibui mkiani. Chini yake viti na vile vitambaa vyeupe vya kufumwa, mnavijua. Nikaweka muziki wa huzuni, nikaifanya picha iwe ya kahawia kama imepigwa mwaka wa uhuru, nikaandika: "Zamani ilikuwa tamu." Hivyo tu.

Manze, video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Komenti kibao. "Nirudishe huko." "Watoto wa siku hizi hawajui raha." "Kizazi cha simu kimepotea." Waliosema hivyo wengi wana miaka ishirini na mbili, simu mkononi. Mimi nikakaa hapo nikihesabu likes kama mtu anayehesabu bonasi.

Halafu kwenye meseji za pembeni akaingia jamaa wa Nairobi. Anatengeneza nyumba za kukodisha wageni, anatafuta kitu cha kale cha kutundika juu ya kochi. Akataja 30,000.

Hapo mchezo ukaisha. Mjomba ana chai yake ndogo, anachuma, anapeleka majani kituoni, halafu anangoja bonasi ya Oktoba kama wengine wote huku. Mtoto wake wa mwisho, binamu yangu, ana miaka 14 na karo haijaisha. Elfu thelathini si pesa ya kucheka nayo. Mjomba akaniuliza kwa upole, "Wewe ndiye uliyeita watu. Sasa unaniambia nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na video tu.

Kwa hivyo hili ndilo jibu, nimechelewa miezi kadhaa.

Kwanza: zamani ya nani? Tukisema zamani ilikuwa tamu huku Kericho na Bomet, tunamaanisha utamu wa nani? Mashamba makubwa ya chai yalianza miaka ya 1920 chini ya kampuni za Waingereza, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai walitolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, wakapelekwa mpaka Gwassi. Kwa hivyo ukiona picha ya kale ya nyasi zilizokatwa vizuri na kijani mpaka upeo wa macho, jiulize nani alikuwa anacheza kwenye hizo nyasi na nani alikuwa anazikata.

Ndege ya mjomba yenyewe haikununuliwa. Mjomba alikuwa fundi wa redio mjini Kericho. Mwaka 1987 mteja mmoja, mgeni aliyekuwa anarudi kwao, alikuwa na deni la matengenezo. Akalipa kwa ndege. Hiyo ndiyo "zamani" niliyowauzia: mchezo wa mtu mwingine, uliofika kwetu kama deni.

Watoto wa huku walikuwa na ndege zao na hazikuhitaji rimoti. Unachukua bua la mahindi, unalimenya, unaunganisha kwa miiba. Pangaboi unakata kwenye plastiki ya mtungi uliopasuka. Unakimbia dhidi ya upepo mpaka lizunguke. Mjomba alizitengeneza hizo kabla hajaona ile nyekundu. Lakini hakuna mtu huniletea elfu thelathini kwa ndege ya bua. Kwa nini? Kwa sababu hatupendi zamani. Tunapenda zamani inayofanana na filamu ya watu wengine.

Sasa msikimbilie kusema nachukia hizo ndege. Hapana. Naipenda ile ndege kuliko nyinyi wote mlioikomenti. Hebu niwaambie kwa nini, na si kwa sababu imezeeka.

Niliishika mara ya kwanza mwezi wa kwanza, siku mjomba alipokubali kuiteremsha kuipima ili amtumie yule jamaa vipimo vyake. Nyepesi ajabu. Mbavu zake ni za balsa, mti laini unaotoka zaidi Ekuado, mwepesi mpaka unadhani unashika mkate mkavu. Ukiiweka kwenye mwanga unaona kila ubavu kupitia ngozi ya bawa, kama mkono wa mtoto mbele ya taa. Injini ndogo kama ngumi, ilikunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika, ule mnyonyo unaoota kwenye ua la kila mtu huku. Harufu bado iko. Mjomba aliinusa akanyamaza kidogo.

Ukifungua tumbo lake unaona kila kitu. Hii betri. Hii resiva, inapokea. Hizi mota ndogo zinavuta vyuma, chuma kinavuta mkia, mkia unainua pua. Hakuna kilichofichwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufuata kwa kidole kutoka kijiti cha rimoti mpaka ncha ya bawa akakueleza ndege inapinda vipi.

Ilikuwa hivyo toka mwanzo. Mwaka 1937 Marekani mapacha wawili, Walter na William Good, walirusha ndege ya kuongozwa kwa redio waliyoijenga wenyewe. Wakaiita Guff. Leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Lakini iliingia makumbusho baada ya kuruka, kuanguka na kushonwa tena. Yetu tumeipeleka makumbusho ya sebuleni bila mtoto hata mmoja kuijua.

Na kuna hii ya masafa. Ndege za wakati ule kule Uingereza zilitumia redio za megahezi 35, na ndani kulikuwa na kristali inayoamua uko chaneli gani. Watu wawili wakiwasha chaneli moja uwanja mmoja, ndege moja inaanguka, hakuna mjadala. Kwa hivyo vilabu viliweka ubao wenye vibanio: chukua kibanio cha chaneli yako, ukimaliza rudisha. Yaani huwezi kuruka kabla hujasalimia watu. Redio za leo za gigahezi 2.4 zimemaliza hiyo shida, na ni vizuri, sitaki kudanganya. Ila muone kilichokuwa kitamu: kujua chombo chako kinafanya kazi vipi, na kujua jirani yako anafanya nini.

Sasa nije kwa hiyo sentensi ya "kizazi cha simu kimepotea." Wazee wetu, kwa heshima zote, na nyinyi vijana mnaojifanya wazee: nani alifunga mlango? Simu niliyonayo imebandikwa gundi, ukiifungua unaambiwa umeiharibu. Droni nzuri ina bei ya kununua bodaboda. Na sheria za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani zinataka droni isajiliwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na mtu binafsi anayesajili awe ametimiza miaka 18. Sipingi usalama. Kitu chenye panga linalozunguka kinaweza kumtoa mtu jicho, na huku kuna ndege za kweli angani. Lakini huwezi kumfungia mtoto redio, ukamfungia simu, ukamfungia anga, ukatundika ndege ukutani na kumwambia usiguse, halafu ukaandika kwenye komenti kwamba hana ubunifu.

Ile "usiguse" ndiyo imetuua. Kila nyumba huku ina kitu cha usiguse. Redio ya marehemu kogo. Cherehani. Kamera ya baba. Vinakaa chini ya kitambaa mpaka kutu ivile, halafu tunalia kwamba ujuzi umepotea.

Na hili si suala la michezo tu. Mei 2023 hapa Kericho mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu wenye hasira, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi na hao wengi wana watoto. Naelewa hasira hiyo, mama yangu alichuma kwa mikono. Sisemi ndege ya kuchezea itarudisha kazi ya mtu. Nasema mashine zilikuja, na zitakuja zingine, na kuna tofauti kati ya kijana anayeziona kama uchawi na kijana aliyewahi kuvunja injini ndogo akairudisha. Huyo wa pili anaweza kubishana na mwenye mashine akiwa anajua anachosema.

Najua mtaniambia nini. La kwanza: ukiifungua na kubadilisha vitu, thamani inashuka. Kweli. Kristali imekufa, betri zake za kadimiamu zimevuja na kula nyaya. Ili iruke inahitaji resiva mpya na betri mpya, na wenye kukusanya vitu vya kale watasema imechafuliwa. Wacha waseme. Mjomba mwenyewe aliichafua zamani: huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa nyembamba, ndege iliyojengwa kwa nchi ya chini inanyanyuka kwa shida. Akaibadilishia pangaboi, akapunguza uzito, akawa anairusha Jumapili asubuhi kabla ya ile mvua yetu ya mchana. Alama zake za kisu ziko mpaka leo. Hizo ndizo sehemu ninazozipenda zaidi.

La pili ni zito: karo. Hapo sina maneno ya kishujaa. Ukiwa na njaa uza ndege, nitakubebea mpaka stendi. Lakini tusiite hiyo kupenda zamani. Yule jamaa hakuwa ananunua ndege, alikuwa ananunua rangi ya kuendana na kochi.

Sasa kilichotokea. Siku ile ndege iko mezani inapimwa, binamu yangu hakungoja ruhusa. Tulitoka kunywa chai, tukarudi tukakuta ameifungua tumbo na skrubu zimepangwa kwa mstari kwenye kifuniko cha kikombe. Nikadhani atachapwa. Mjomba akavuta stuli, akavaa miwani, akamwambia, "Hiyo ya kushoto ni ya mkia. Nikuonyeshe."

Walikaa hapo mpaka taa ikawashwa. Wiki mbili baadaye kijana alikuwa amejenga yake: mbavu za bua la mahindi, bawa la ile foamu nyeupe inayokuja na kartoni ya TV, na mpira wa tyubu ya baiskeli uliosokotwa kuzungusha pangaboi. Haina redio, haina betri. Umbo lake ni la ile nyekundu, ameliiga kwa rula. Aliirusha kutoka ukingo wa shamba. Ikapanda kidogo, ikapinda kushoto, ikatua juu ya chai. Chai iliyokatwa vizuri ni kama meza, iliipokea tu. Mjomba akapaza sauti, "Mkia mzito!" Huyo ndiye mtu aliyekaa kimya miaka yote chini ya ndege yake.

Yule wa Nairobi alijibiwa asante. Karo tunachanga, mimi pia nachanga, pesa ya ile video ya uongo imeenda huko yote. Nyekundu sasa iko mezani nusu imefunguliwa, na kabla ya kuitia redio mpya mjomba ataenda kuuliza vibali vinavyotakiwa, kwa sababu yeye ana miaka 18 mara tatu na zaidi.

Kwa hivyo nawaomba kitu kimoja. Mkienda nyumbani wikendi hii, msimwendee mzee na simu mkamwambia "tusimulie zamani." Atawapa hadithi, mtaweka muziki, tutalia, tutasahau. Teremsheni kile kitu kilicho ukutani, kiwekeni mezani, tafuteni bisibisi. Halafu mwambieni, "Nionyeshe kinafunguliwa wapi."

Ile video nimeifuta. Nikiposti tena, itakuwa inaruka.