Wakigawa Wao ni Uhandisi, Nikigawa Mimi ni Wizi?

Wasee, leo sina utani. Nataka tuongelee ile sentensi iko kwa mikataba mingi ya wifi ya nyumbani na karibu hakuna mtu huisoma: kwamba intaneti unayolipia ni ya nyumba yako pekee, na ukiivusha hadi kwa jirani umevunja mkataba na unaweza kukatiwa. Mkataba wangu unasema hivyo hivyo. Nalipa kila mwezi, alafu naambiwa ukuta wa keja yangu ndio mpaka wa kitu nilichonunua.

Mimi nasema hiyo sentensi ni ya uonevu na inafaa iondolewe.

Tuanze na kile tunauziwa. Ukilipia faiba, unalipia kasi. Tuseme megabiti 20 kwa sekunde. Nyumba ikiwa na watu wanane, kila mtu na simu yake, TV inacheza filamu, mtoto anacheza gemu, kampuni haina neno. Lakini mimi naishi peke yangu, jirani yangu pia yuko peke yake, tukitumia hizo megabiti 20 sisi wawili, ghafla ni makosa. Kwani tumeongeza nini? Bomba ni lile lile, na haliwezi kupitisha hata tone moja zaidi ya nililolipia.

Sasa sikiza hii, ndiyo inaniuma zaidi. Faiba nyingi za nyumbani zinatumia teknolojia inaitwa GPON. Uzi mmoja wa kioo unatoka kwa mtambo wa kampuni ukibeba takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde. Ukifika mtaani, kuna kijisanduku hakitumii hata stima, kinagawa ule mwanga kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Piga hesabu mwenyewe. Nyumba 64, kila moja imeuziwa megabiti 100, hizo ni gigabiti 6.4. Zitatoshea wapi kwa 2.5? Hazitoshei. Kampuni inabahatisha kwamba nyinyi wote hamtaitumia kwa dakika moja, na kwa kawaida inabahatisha vizuri. Silaumu hilo. Ndivyo intaneti ya nyumbani hujengwa, na bila kugawana hivyo hakuna mtu wa kawaida angeweza kuilipia.

Lakini tuseme ukweli. Wao wakigawa uzi mmoja kwa nyumba 64, huo ni uhandisi. Mimi nikigawa sehemu yangu kwa nyumba mbili, huo ni wizi. Hiyo hesabu ni ya nani?

Najua watajibu: bei zetu tumezipanga tukijua ni nyumba moja. Sawa kabisa. Basi tuuzieni kifurushi cha nyumba mbili, ongezeni kitu kidogo juu, muandike wazi. Kifurushi cha 3,000 kikiuzwa 3,600 kwa nyumba mbili, kila mtu anatoa 1,800, na nyinyi mmepata 600 ambazo hamkuwa nazo. Sai mnapata nini kwa jirani asiyeweza kulipa 3,000 peke yake? Mnapata sufuri.

Na sitetei yule jamaa anachukua laini moja ya nyumbani, anavuta waya kwa milango ishirini na kukusanya pesa kila mwisho wa mwezi. Hiyo ni biashara, na biashara ya intaneti Kenya inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hata serikali imeshaona kwamba watu wanaweza kujiunganisha wenyewe: mwaka wa 2021 Mamlaka hiyo ilitoa mwongozo wa kuwapa leseni mitandao ya jamii. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa aina hiyo. Kwa hivyo kati ya biashara ya milango ishirini na ubinafsi wa mlango mmoja, kuna nafasi ya majirani wawili waungwana. Mikataba ndiyo inajifanya haiioni.

Kwa nini nakasirika hivi? Kwa sababu nchi hii imehamia mtandaoni na haikuuliza nani ana bando. Cheti cha kuzaliwa, eCitizen. PIN ya KRA, mtandaoni. Kuomba HELB, mtandaoni. Kuchagua kozi ya chuo, KUCCPS, mtandaoni. Mama wa mlango wa pili akibisha na kuniambia, "Kijana wangu, nisaidie na wifi dakika tano tu, huyu mtoto amalize kazi ya shule," mnataka nimjibu nini? Kwamba mkataba unakataza? Huyo mama hununua bando ndogo ndogo za siku, na kwa kila megabaiti analipa zaidi yangu mimi wa faiba. Maskini analipa bei ya juu kwa sababu ananunua kwa kijiko.

Sasa wewe unayesoma hii ukitikisa kichwa, hiki kifurushi cha watu wawili kikikuja, ama kama mkataba wako haukatazi, fanya kazi safi. Usinunue ripita ya bei rahisi uichomeke karibu na ukuta alafu ulie. Ile inapokea na kurusha kwa redio moja hula karibu nusu ya kasi, na mabati hurudisha mawimbi kama kioo. Vuta waya wa mtandao uliotengenezewa nje, usizidi mita 100, weka rauta ya pili kwa jirani. Kisha mpe mtandao wake wa wageni, na pasiwadi yake. Kila kitu kitakachofanywa kwa hiyo laini kitaonekana kimetoka kwako, na Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018. Gawa na mtu unamjua, mkubaliane pesa na siku ya kulipa kabla ya waya kuvutwa. Undugu wa wifi huvunjwa na tarehe tano, siyo na kasi.

Kwa kampuni ombi langu ni moja: futeni hiyo sentensi, muweke bei ya nyumba mbili. Na nyinyi wasee, chukueni mkataba wenu leo, mtafute hicho kipengele, muwapigie simu muwaulize kwa nini kiko hapo. Mtu mmoja akiuliza ni kelele. Ploti nzima ikiuliza, watatafuta jibu.