Pini ya tatu siyo pambo!

Wikiendi yangu nusura iishie msibani, kwa hiyo leo siasa naziweka pembeni kidogo.

Jumamosi nilikwenda Sinza kwenye mazoezi ya bendi ya washkaji zangu. Nilikwenda kutafuta stori, nikapata ambayo sikuitaka. Mpiga gitaa, mkono ukiwa kwenye nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maiki ili aitikie kiitikio. Ghafla karuka nyuma kama kazabwa kibao. Kapigwa shoti ya mdomo! Watu wakacheka. Na yeye akacheka, ila mkono ulikuwa unatetemeka.

Nikaenda kuangalia plagi ya amplifaya. Pini ya tatu, ile ndefu, imekatwa, na tundu lake kwenye soketi limechokonolewa kwa kalamu. Kuuliza, nikajibiwa: "Kaka, tuliikata makusudi, ilikuwa inaleta mngurumo."

Jamani! Pini ile ndiyo ya waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi la chuma la amplifaya kupitia kebo. Waya wa moto ukigusa bodi hilo, ethi inaupeleka umeme ardhini na fyuzi inakatika. Ukiiondoa ethi, njia inayobaki ni wewe: mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye maiki ambayo miksa yake ina ethi nzima. Volti 230 zinapita kifuani.

Msidhani ni matatizo ya bendi za uchochoroni tu. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maiki isiyo na ethi. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme akipiga gitaa nyumbani kwake mwaka 1976. Wote walikuwa wanamuziki wa kulipwa, Uingereza.

Na mngurumo je? Mara nyingi unatokea vyombo vinapochukua umeme kwenye soketi tofauti, ethi zikafanya mzunguko. Chomeka miksa na amplifaya kwenye soketi moja, ilimradi isizidiwe na mzigo. Ukigoma kuisha, kuna kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ethi ya upande wa sauti, siyo ya umeme. Kebo mbovu ya gitaa nayo hunguruma. Ibadilishe.

Mengine ni ya kawaida lakini tunayapuuza. Fyuzi ikiungua weka ya kiwango kile kile, siyo karatasi ya sigara. Ikiungua tena, kuna ugonjwa ndani, peleka kwa fundi. Amplifaya uliyoletewa na mjomba kutoka Marekani, kama nyuma imeandikwa volti 120 tu, inahitaji transfoma. Umeme ukikatika, zima kila kitu, maana unaporudi huweza kuja na kishindo. Usiifunike kitambaa ikiwa inafanya kazi, inahitaji kupumua. Chupa ya bia haikai juu yake. Na zile za valvu usiziwashe bila spika, utaunguza transfoma ya ndani.

Tena, usiifungue mwenyewe kwa bisibisi eti umeshachomoa waya. Ndani kuna kapasita. Kwenye amplifaya za valvu zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuzima.

Msimamo wangu ni huu: hili siyo suala la mpiga gitaa peke yake. Kiongozi wa bendi, mwenye ukumbi, mzee wa kanisa mwenye kwaya, wote wanahusika. Tunachangishana kwa ajili ya sare zinazong'aa, halafu plagi ya bei chee inatushinda! Mwenye ukumbi amwite fundi umeme apime ethi, na afunge kifaa cha RCD kinachokata umeme unapovuja, kwa kawaida ukifika miliampia 30. Asiyefanya hivyo asituambie baadaye kwamba ni kazi ya Mungu.

Jumamosi ijayo narudi Sinza na plagi mpya mfukoni. Wakikataa kuifunga, mimi siingii ndani.

Nyie mnasemaje? Naomba kuwasilisha.