Ndege iliyotumika kwa Kibondo na Kasulu: tuhesabu saa kabla ya injini



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa huku kwetu nyanda za juu za Kigoma kila mara mgonjwa mahututi anapochelewa kufika Bugando. Watu husema kwamba wilaya zetu za Kibondo na Kasulu, pamoja na jirani zetu wa Kakonko na Buhigwe, zichange fedha, ziombe na wafadhili, zinunue ndege ndogo iliyokwisha kutumika, ile ya panga boi yenye injini mbili. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema injini zake za zamani zing'olewe, zifungwe mpya zenye nguvu, ili ndege iweze kuhimili hewa ya milimani.

Mawazo hayo si ya kuchekwa. Kutoka Kibondo hadi Mwanza ni kilomita kama 280 kwa mstari wa ndege, na kutoka Kasulu ni karibu 400. Ndege ya namna hiyo huumaliza mwendo huo kati ya dakika arobaini na saa moja. Viwanja vya kutua tunavyo, na nyakati za mawimbi ya wakimbizi tumeziona ndege ndogo za mashirika ya misaada zikitua na kuruka. Mtu mwenye mke anayevuja damu baada ya kujifungua hahitaji kufundishwa tofauti ya saa moja na nusu siku. Kwa hiyo sipingi ndege. Ninachopinga ni kuanza hesabu kwenye injini.

Nichukue mfano wa King Air 200, kwa kuwa inajulikana sana Afrika Mashariki katika kazi ya kubeba wagonjwa. Hata AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, limeitumia kwa miaka mingi. Ndege ya aina hiyo iliyotengenezwa miaka ya 1980 yaweza kupatikana leo kwa dola milioni moja au zaidi kidogo. Huwa na injini mbili za Pratt & Whitney aina ya PT6A-42, kila moja nguvu za farasi 850. Zipo injini nyingine, PT6A-52, zinazofungwa mahali pake. Kuzibadili zote mbili, pamoja na kazi ya kuzifunga, hufika dola milioni moja nyingine au kuzidi. Maana yake ni kwamba ndege moja tumeinunua mara mbili.

Je, nguvu inaongezeka? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Injini hiyo mpya nayo huruhusiwa kutoa farasi 850 zile zile, kwa sababu mwili wa ndege ni ule ule na haukuthibitishwa kubeba zaidi. Wenye malori ya maharage hapa Kasulu wanalielewa jambo hili bila kusomea: funga injini kubwa kwenye giaboksi ya zamani, uone kitakachovunjika mlimani. Tofauti iko kwingine. Injini ya zamani hupungukiwa nguvu mapema pale hewa inapokuwa nyepesi au yenye joto, na ile mpya huendelea kuzishika farasi zake 850 juu zaidi. Faida kubwa ya hilo huonekana ndege ikiwa mita elfu saba au nane angani, katika safari ndefu. Safari ya Kibondo kwenda Mwanza ni fupi mno. Rubani hajakaa juu sawasawa, tayari anaanza kushuka. Tutaokoa dakika chache, na dakika hizo tutazilipia dola milioni moja.

Hata hivyo nisiwe mbishi kupita kiasi. Ipo hali moja ambayo injini hizo zina maana huku kwetu. Kibondo na Kasulu ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Chukua kiwanja kilicho mita 1,400, saa nane za mchana, joto nyuzi 28. Kwa hewa ilivyokuwa nyepesi wakati huo, ndege hujiona kama inaruka kutoka kiwanja cha mita 2,200. Mabawa, panga na injini, vyote hupungukiwa. Injini moja ikizimika wakati ndege ndiyo kwanza inainuka, ile iliyobaki peke yake ndiyo ya kumpandisha mgonjwa, muuguzi na marubani juu ya vilima. Hapo kila farasi ana thamani. Lakini ipo njia isiyotaka fedha za kigeni: ruka asubuhi wakati wa baridi, na usijaze matangi. Safari ya dakika arobaini haihitaji mafuta ya kwenda Dar es Salaam, ambako ni kilomita 1,000 hivi. Mgonjwa wa mchana atabaki na tatizo lake, nakubali, lakini hata yeye ndege nyepesi itamsaidia.

Sasa tuje kwenye saa, ambako ndiko kwenye kiini cha barua hii. Injini ya PT6A-42 hufumuliwa yote kila baada ya saa 3,600 za kuruka, na katikati, kwenye saa 1,800, hufunguliwa na kukaguliwa sehemu zake za moto. Tuseme kwa mfano tu kwamba kuifumua injini moja ni dola 400,000. Kila saa ndege inaporuka, yatupasa kuweka akiba dola 111 kwa injini moja, yaani 222 kwa zote mbili. Fedha hiyo isipowekwa, siku ya kushusha injini ndege itapaki kwenye nyasi na kuwa kiota cha popo. Wengi wanaonunua vitu vilivyotumika hawaanguki kwenye bei ya kununua, huanguka hapa.

Halafu yapo matumizi yasiyojali kama ndege imeruka au imelala: mishahara ya marubani, fundi mwenye leseni, bima, banda la kuhifadhia, ukaguzi wa kalenda. Panga zenyewe kwa kawaida hufumuliwa kila miaka sita, na miguu ya kutulia ya King Air kadhalika, hata kama ndege haikutoka bandani. Tukadirie tena kwa mfano kwamba yote hayo ni dola 400,000 kwa mwaka. Wilaya zetu zikipata safari mbili kwa wiki za kwenda Mwanza na kurudi, kila moja saa moja na nusu, mwaka mzima ni kama saa 150. Gawanya. Kila safari inabeba dola 4,000 kabla ya tone la mafuta, na mafuta yenyewe ni kama lita 380 kwa saa. Ndege hiyo hiyo ikiruka saa 600 kwa mwaka, mzigo huo hushuka hadi dola 1,000 kwa safari.

Zitazame na injini mpya kwa macho hayo hayo. Kwa saa 150 kwa mwaka, injini ya saa 3,600 itatuchukua miaka 24 kuimaliza. Nani kati yetu atanunua leo unga wa kula mwaka wa ishirini na nne? Kwa saa 600 inakwisha kwa miaka sita, na hapo kubadili injini kunaanza kuwa na akili, hasa ikiwa ndege imenunuliwa kwa bei ya chini kwa vile injini zake zilikuwa zimefikia mwisho na gharama ya kuzifumua ilikuwa haikwepeki. Basi linalolipwa ni tofauti tu kati ya kufumua na kununua mpya. Kung'oa injini iliyobakiza nusu ya maisha yake ni kutupa fedha.

Taifa letu lina mafunzo yake katika jambo hili. Baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, ATC ilikuwa na Twin Otter za injini mbili zilizofaa viwanja vidogo, lakini ziliondoka na nafasi yake ikabaki wazi. Tarehe 9 Aprili, 2012, ndege ya ATCL aina ya Dash 8, iliyokuwa imekwisha kutumika kwingine, ilipata ajali ikitaka kuruka hapo Kigoma mjini. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini ndege haikurudi hewani. Shirika lenye ndege mbili linapopoteza moja, limepoteza nusu yake. Halmashauri yenye ndege moja itapoteza vyote. Hata upya si kinga. Ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha ATCL imepata hasara ya Sh. bilioni 56.64, na mojawapo ya sababu ni ndege mpya za Airbus kusimama kwa matatizo ya injini. Ikiwa shirika la taifa linasumbuka hivyo, fundi wetu mmoja wa Kasulu atasimama wapi?

Isitoshe, barabara nayo imebadilisha hesabu. Serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa ajili ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kusubiri kivuko. Wagonjwa wengi waliokuwa wakihitaji ndege sasa wanaweza kwenda kwa gari la wagonjwa lenye oksijeni na muuguzi. Wanaobaki ni wachache, nao ndio mahututi hasa.

Kwa hao wachache naona wilaya zisinunue ndege. Ndege iwe moja kwa mikoa ya Kigoma, Kagera, Geita, Katavi na Tabora, ikae Mwanza kwenye mafundi na mafuta, na kila mkoa ulipie saa zake. Huko saa 600 zinapatikana, na hapo ndipo tuzungumze injini. Yafaa pia kuulizana kama lazima ziwe mbili, maana AMREF hao hao siku hizi wanarusha na Pilatus PC-12 ya injini moja. Mimi bado napendelea mbili usiku juu ya Ziwa Victoria, ila sitagombana na mwenye hesabu nzuri kuliko yangu.

Kazi ya Kibondo na Kasulu iwe viwanja: changarawe ishindiliwe, maana kokoto hula panga za ndege kuliko miaka, mifereji isafishwe kabla ya mvua za Novemba, uzio uwekwe mbuzi wasipite, soksi ya upepo ininginizwe. Ningeomba waganga wakuu wa wilaya zetu watutangazie jambo moja: mwaka uliopita ni wagonjwa wangapi waliopewa rufaa ambao gari halikuwatosha? Tukiijua idadi hiyo tutazijua saa.

Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma.